Barua Haipotei, Inakaa Mahali

Vijana wa kitengo cha TEHAMA, mmeniomba niwaandikie namna ya kutafuta barua pepe zilizochelewa, au zisizofika kabisa, kwenye orodha ya watumishi. Neema, mkuu wenu, aliniambia kwenye simu, "Mama Aikande, kurasa mbili tatu zinatosha. Tuandikie yale ambayo hayamo vitabuni." Nimekaa kuandika kwa nia hiyo. Lakini nikiandika ya kichujio peke yake na kuliacha la Lomayani, nitakuwa nimewadanganya, na kwenye kazi hii nilishadanganya mara moja. Inatosha.

Nianze na aliyenifundisha. Mzee Pallangyo alikuwa mtu wa telegramu posta kabla shirika letu la mifugo halijamchukua. Alikuja na tabia zake zote za posta: kalamu mbili mfukoni, chai saa nne kamili, na imani moja ambayo hakuiacha mpaka anastaafu. Aliniambia siku ya kwanza, nikiwa msichana mwenye cheti kipya na kiburi kipya, "Binti, barua haipotei. Barua inakaa mahali. Kazi yako ni kuuliza imekaa wapi, na nani kaiweka hapo."

Niliona ni maneno ya wazee. Baadaye nikagundua kwamba ndiyo kazi yenyewe, na kwamba yaliyobaki ni kubofya tu.

Mtu akija mlangoni kwenu akisema imeili yangu imepotea, msikimbilie seva. Mpeni kiti. Muulizeni alimtumia nani, lini, na nani kamwambia kwamba haikufika. Nusu ya barua zilizopotea wakati wangu hazikuwahi kutumwa; zilikuwa zimelala kwenye rasimu, mwenyewe aliitwa kula akasahau. Bwana mmoja wa ofisi ya manunuzi alinigombeza wiki nzima mbele za watu kwamba seva yangu inakula barua zake. Nilipokwenda mezani kwake nikakuta amekosea anwani, na barua ilikuwa imemrudia mara tisa ikiwa na maelezo kamili. Hakuyasoma, kwa sababu yalikuwa ya Kiingereza na yalianza kwa kuomba radhi. "Nilijua ni matapeli," akaniambia. "Kompyuta gani inaomba msamaha?"

Mkishajua kwamba kweli ilitumwa, someni mihuri. Kila barua pepe ina mgongo ambao watu wa kawaida hawauoni. Mkiufungua mtakuta kila seva iliyoipokea imepiga mhuri wake, jina na saa. Mihuri husomwa kutoka chini kwenda juu, maana chini ndiko safari ilikoanzia. Tafuteni pengo. Kama mhuri mmoja ni wa saa tatu asubuhi na unaofuata ni wa saa nane mchana, barua ilikaa saa tano mahali, na jina la mahali hapo limeandikwa. Hilo halihitaji cheti. Niliwafundisha hata mabwana mifugo wa vituoni, kwenye semina, na wakaandika kwenye madaftari yao.

Ila kwanza hakikisheni saa zenu wenyewe ziko sawa. Nilimtuhumu mwenzetu wa Dodoma kwamba anachelewesha barua zetu saa tatu nzima, kumbe seva yangu ilikuwa inahesabu saa za Uingereza. Niliomba radhi kwa maandishi, na yeye akaibandika radhi hiyo ukutani.

Kuna seva zenye tabia ya mlinzi wa geti: zikikuona mara ya kwanza zinakuambia rudi baadaye. Mhuni hana subira, anaenda zake. Seva yenye adabu inarudi baada ya robo saa na kupokelewa. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa mtu mgeni ikichelewa kidogo, msipige simu za hasira. Orodha nayo ina lake. Barua inayopita humo hutoka tena na jina la aliyeiandika, lakini kupitia mlango wetu, na wapokeaji wakali wakiona jina la huyu na mlango wa yule wanaitupa bila kuuliza. Ndiyo maana niliifanya orodha itume kwa jina lake yenyewe. Mkikuta mtu ameurudisha mpangilio wa zamani, muulizeni kwa upole amesomea wapi.

Halafu kichujio. Tulichokinunua kilikuwa kimesomea Kiingereza. Kiswahili hakikujua hata salamu. Mwezi wa kwanza kilimkamata mkurugenzi, kwa kuwa mkurugenzi wetu aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata asante. Alikuja mwenyewe ofisini. "Mimi ni barua taka?" Nikamjibu hapana, mkurugenzi, wewe unapaza sauti tu. Mzee Pallangyo alilazimika kutoka nje acheke huko. Dawa yake ilikuwa ni kukifundisha: nilikaa siku kadhaa nikikionyesha barua zetu za Kiswahili moja moja, hii safi, hii safi, hii taka, mpaka kikatuzoea.

Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri, na nasema bila aibu. Sasa nije kwenye lile jingine.

Mnajua kwetu mtu akifiwa tanzia huenda kwa watumishi wote. Huandikwa TANZIA kwa herufi kubwa, na kila anayeipata hujibu, tena humjibu kila mtu. Hamjibu mfiwa peke yake, kwa sababu pole isiyoonekana na wengine ni kama haikutolewa. Poleni sana. Poleni kwa msiba mzito. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mmoja anaweka picha ya mshumaa, mwingine picha ya maua yenye uzito kuliko ripoti ya mwaka. Tulikuwa watumishi kama mia mbili. Tanzia moja ilizaa pole zaidi ya mia, na kila pole ilikwenda kwa watu wote hao.

Hapa mjini tuliweza kuvumilia. Vituoni haikuwezekana. Kituo chetu cha mbali kabisa kilikuwa nyanda za Simanjiro, ambako wakati huo simu za mkononi hazikushika. Walikuwa na dishi moja la setilaiti, na lilivuta barua asubuhi na jioni, polepole, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Wiki moja tulipata misiba miwili, na pole zake zikaziba njia ya Simanjiro siku mbili. Nyuma ya pole hizo kulikuwa na barua ya daktari wa mifugo yenye maelekezo juu ya ndama waliokuwa wakiharisha. Ilifika ndama sita wameshakufa. Mkurugenzi akaniita na kuniuliza, kwa herufi kubwa za mdomo, nitafanya nini.

Nikatunga kanuni. Barua yoyote ya orodha yenye neno tanzia, pole, poleni au apumzike isiende popote. Ikae kwenye foleni ya kusubiri. Kila siku saa kumi jioni nitaifungua foleni kwa mkono wangu. Tanzia nitairuhusu iende, pole nitazifuta. Nikaipa jina langu, maana ndivyo tulivyozitaja kanuni wakati huo, kwa majina ya waliozitunga. Njia ya Simanjiro ikawa nyeupe na mkurugenzi akanisifu kwenye kikao. Nilijiona mjanja sana. Na sitawaficha kwamba kuzifuta zile pole kulinipa raha, mia kwa kubofya mara moja.

Siku moja Mzee Pallangyo alinikuta nikifuta. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Binti, pole za watu unazitupa?"

"Zinaziba njia, mzee. Na wote wanasema lilelile."

"Hata msibani wanasema lilelile," akanijibu, "na hakuna anayewafungia geti."

Nilicheka. Niliona hajui dunia ilikofika.

Lomayani alikuwa bwana mifugo wa kituo hicho cha Simanjiro. Kwao ni Sambasha, upande wa magharibi wa Mlima Meru, na tulianza kazi mwaka mmoja. Kila akija mjini alipitia ofisini kwangu na kunisalimia Kimaa, "Takwenya," nami nikamjibu "Iko" kwa lafudhi yangu ya Machame ambayo ilimchekesha kila mara kana kwamba ndiyo kwanza aisikie. Alikuwa kitinda mimba. Kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Boma la mama ni lake, na uzee wa mama ni wake kuutunza. Alimwita yeyo, na hakuna maongezi ambayo hakumtaja yeyo, hata maongezi ya chanjo.

Yeyo alifariki Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi kaka yao mkubwa, Lazaro, alishuka mjini mpaka ofisini kwetu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumpata ndugu yake. Redio ya mawasiliano ya kituo ilikuwa mbovu tangu masika. Maziko yalipangwa Jumamosi saa nane mchana. Katibu muhtasi wetu aliiandika tanzia vizuri kabisa na mwisho akaongeza: "Ndugu Lomayani aliyeko kituoni Simanjiro aarifiwe aje haraka." Akaituma kwa watumishi wote saa tano na dakika kumi. Ingefika Simanjiro jioni ile. Gari la kituo lingetoka alfajiri, na kabla ya saa sita mchana angekuwa nyumbani kwao.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kuanzia saa nne, nikapanda basi kwenda Moshi kwenye kikao cha sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu kabla ya ndoa, ambako nilikuwa katibu wa kamati. Foleni sikumwachia mtu. Nilijiambia Ijumaa hakuna kitu. Katibu muhtasi hakushangaa kutoiona tanzia yake, alishazoea kwamba hutoka saa kumi, na saa kumi alikuwa ameshakwenda nyumbani. Wakati Lazaro anapanda tena mlimani akiamini ujumbe umekwenda, tanzia ya mama yake ilikuwa imekaa kwenye kanuni yenye jina langu, na mimi nilikuwa Moshi nikibishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikafungua foleni. Nilikuta tanzia moja tu, na chini yake hapakuwa na pole hata moja, kwa sababu hakuna aliyeipata. Nilisoma jina, nikasoma saa. Nikairuhusu iende upesi upesi, kana kwamba dakika hizo zingemsaidia mtu.

Lomayani aliipata asubuhi ileile dishi lilipovuta, akafika Sambasha jioni, udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Jumamosi walikuwa wamemsubiri. Mchungaji aliisogeza ibada mara mbili. Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni wakamzika, na udongo wa kitinda mimba akautupa Lazaro kwa niaba yake.

Jumatano alikuja ofisini. Hakuja na hasira, na hilo lilinimaliza. Alisimama mlangoni, hakusema takwenya.

"Dada, imeili ya yeyo ilitumwa Ijumaa. Mimi nimeipata Jumatatu. Kulikuwa na nini?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwepo, hayakuzidi kumi.

"Mvua," nikasema. "Mvua ilisumbua dishi. Nimehangaika nalo wikiendi nzima."

"Wikiendi nzima?"

"Wikiendi nzima."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, dada. Asante kwa kuhangaika."

Na sikumwambia pole. Mtu amefiwa na mama yake, amesimama mbele yangu, na neno ambalo hata mpita njia angelisema mimi sikuweza kulitoa. Nilikuwa nimeyafuta mengi mno. Nililiogopa.

Mzee Pallangyo, aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu, alikuwa ametusikia. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akaufungua mgongo wa barua ile, akaja mezani kwangu. "Ilikaa wapi?"

"Ni mvua, mzee."

"Mvua haina mhuri, binti," akasema, kisha akaenda kunywa chai. Hakulirudia tena. Alifariki miaka michache baadaye, na nilikwenda kumzika bila kuwa nimemjibu.

Kanuni niliizima siku hiyohiyo. Sikuifuta. Kuifuta kulitaka sababu iandikwe kwenye daftari la mabadiliko, na sababu hiyo sikutaka isomwe na mtu. Hapo pia mjifunze: fundi anayezima kitu kimyakimya bila kuandika, ana anachokificha.

Uongo wangu haukubaki ofisini. Lomayani aliubeba mpaka nyumbani kama ukweli, akamwambia kaka yake kwamba ni mvua iliyozuia. Wiki ile haikunyesha hata tone, si Sambasha, si mjini, wala Simanjiro, na wafugaji wanajua ilikonyesha kuliko watangazaji wa hali ya hewa. Lazaro akamwambia, "Hukuja kumzika mama, na sasa unamsingizia Mungu mvua." Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walikutana kanisani, wakakaa pande mbili. Baada ya miaka minne Lazaro aliugua akafa, na neno hilo lilikuwa bado katikati yao.

Nayajua haya kwa sababu Lomayani mwenyewe alinisimulia, kidogo kidogo, kama mtu anavyomsimulia rafiki. Kila aliponisimulia nilikuwa na nafasi. Nilichosema ni, "Ndugu nao wana mambo yao." Najichukia kwa sentensi hiyo kuliko hata kwa ile ya mvua.

Na aliniletea maziwa. Kila alipokuja mjini alikuja na maziwa mgando ya ng'ombe aliowaacha yeyo, kwa shukrani ya kuhangaika kwangu wikiendi nzima. Niliyapokea. Niliyanywa na ugali, na watoto wangu wakayasifu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nililetewa maziwa njiani. Kuna mwaka yalikoma kwa miezi mitatu, nikadhani ni kiangazi. Yakarudi, na tukaendelea hivyo mpaka yeye akastaafu, kisha mimi.

Ningekufa nalo. Lakini juzi, nikiwa nyumbani Kimandolu nawapa kuku pumba, Neema akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Neema. Seva imekufa?"

"Haijafa, mama. Ila tumekuta tanzia kumi na nne kwenye foleni, na pole nyingi sana. Zimekwama tangu tulipohamia mfumo mpya. Inaonekana waliohamisha waliziwasha kanuni zote za zamani. Hii ina jina lako."

Nikaweka bakuli la pumba chini. Siku hizi tanzia hukimbilia kwenye makundi ya simu, na waliozisoma huko ndio waliotuma zile pole, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mapema. Lakini kumi na nne ni misiba kumi na minne.

"Tumeshaziachia," Neema akaendelea. "Sasa watu wanauliza. Tuwaambie nini, mama? Tuseme ni tatizo la mtandao?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Hata mimi nilisema mvua bila kumchukia mtu. Nikamwambia asiseme chochote kwanza, anipe siku tatu.

Kesho yake nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikapanda Sambasha. Lomayani nilimkuta zizini anafunga ndama. Amekuwa mzee, nadhani naye aliniona hivyo hivyo.

"Takwenya."

"Iko."

Akacheka, kicheko kilekile. Akataka kuniita ndani, nikakataa. Nilijijua kwamba nikishakaa na kikombe cha chai mkononi nitaanza habari za kuku.

"Lomayani, haikuwa mvua."

Hakuiacha kamba. Aliufunga mwisho wake vizuri, akaujaribu kama umekaza. "Najua," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa tanzia ya yeyo, imechapishwa pamoja na mgongo wake wote. Alikuwa ameunganisha mihuri miwili kwa mstari wa kalamu ya risasi: Ijumaa saa tano na dakika kumi, Jumatatu saa mbili na dakika kumi na nne. Mhuri wa chini na wa juu, yote miwili ni ya seva yangu.

"Ulitufundisha wewe," akasema. "Ile semina. Kutoka chini kwenda juu. Nikarudi kituoni nikasema ngoja niisome ya yeyo, nione hiyo mvua ilinyesha wapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Lazaro alishakufa. Ningemwonyesha nani?" Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile. "Nilikasirika, sikatai. Nikaacha kukuletea maziwa."

"Nilidhani ni kiangazi."

"Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri, dada. Wewe na mvua hamjawahi kujuana."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akaniambia kwamba baadaye aliona atakuwa kama kaka yake, mtu wa kukaa na neno moja mpaka kaburini, ndipo akaanza tena. "Kila nikileta yale maziwa nilikaa kwenye kile kiti chako cha wageni, nikanywa chai yako, nikangoja useme. Nilikuwa nasema leo atasema. Wewe ukawa unaniambia habari za seva."

Hapo nikalia. Sikulia kwa aibu ya kukamatwa. Nilikuwa nayakumbuka maongezi yale, nakumbuka nilivyokuwa nikijaza hewa kwa maneno ili asiulize, na yeye hakuwa na haja ya kuuliza.

Nilipofuta machozi akasema, "Kuna mmoja hajaipata habari hii," akageukia boma la jirani na kuita. Akaja mwanamke wa umri wangu, akipangusa mikono kwenye khanga. Alikuwa mjane wa Lazaro. "Shemeji," akamwambia, "huyu dada ana neno lako."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Kwake sikuweza kujificha nyuma ya seva wala foleni wala kanuni; hajui vitu hivyo na havimhusu. Ilibidi niseme kama ilivyokuwa. "Taarifa ya msiba wa mama niliifungia mimi, nikaenda kwenye shughuli zangu. Lomayani hakuambiwa mpaka Jumatatu. Aliponiuliza nikamwambia uongo kwamba ni mvua, naye akawaletea nyinyi uongo huo bila kujua."

Aliendelea kupangusa mikono ambayo ilishakauka.

"Kwa hiyo shemeji hakutudanganya."

"Hakuwadanganya."

"Mzee wangu alikuwa anamuulizia, mwisho mwisho," akasema. "Alikuwa akisema, hata angeniambia alikuwa amelewa ningemsamehe. Lakini mvua."

Kisha akaenda kukaa kwenye kigoda kando ya mlango, kama mtu aliyetoka safari. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Nikamgeukia Lomayani. "Pole," nikamwambia. "Pole kwa kufiwa na yeyo. Pole na kwa Lazaro."

Aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyoupokea mkono wangu siku ile. "Imefika," akasema. "Ila kaka hakuipata."

Sasa, Neema, uliniuliza watu waambiwe nini. Kanuni ifute, na kwenye daftari la mabadiliko bandika karatasi hizi zote, ndiyo sababu. Wale wenye misiba kumi na minne msiwaandikie. Wapigieni simu mmoja mmoja, na muanze na pole, hata kama msiba una mwaka. Mkishaisema hiyo, waambieni barua yao ilikaa wapi, tangu lini, na nani aliyeiweka hapo. Jina langu mmeshaliona kwenye kanuni. Litajeni.